Mwenye Pikipiki na Aioshe Mwenyewe

Ndugu wanachama,

Kurasa za jarida letu zimezoea habari za miche, za palizi, za kuanika na za bei, na ndivyo ipasavyo. Leo naomba nafasi niseme juu ya kitu kisichoota wala kuchumwa, lakini ambacho siku hizi hubeba karafuu nyingi kutoka chini ya mkarafuu mpaka kwenye majamvi, na kutoka kwenye majamvi mpaka kituo cha kununulia. Kitu hicho ni pikipiki ya shamba.

Nisemapo pikipiki ya shamba sikusudii chapa fulani. Wengine wetu wana zile ndefu zenye tairi za meno, zilizoundwa tangu mwanzo kwa njia za udongo. Wengi zaidi tuna pikipiki za kawaida za barabarani ambazo tumezishusha mabondeni tukazifanya punda. Zote hupita njia moja: udongo uliolowa wakati wa masika, vumbi wakati wa kaskazi, vijito, mizizi, na vile vilima ambavyo kila mtu wa Pemba anavijua kwa magoti yake.

Neno langu ni moja, nami nalisema wazi ili asiyelikubali ajue la kujibu: mwenye pikipiki na aioshe mwenyewe. Sisemi hivyo kwa sababu ya kung'ara. Nasema kwa kuwa kuosha ndiko kukagua, na mtu asiyeikagua pikipiki yake hana haki ya kumpakiza kijana wa watu magunia mawili nyuma, kisha akamwambia ashuke nayo kilimani.

Watazameni wenzetu wa baharini. Nahodha hakipandishi chombo pwani ili watu wakisifu. Hukipandisha akakikwangua, akapita ubao kwa ubao, akatia kalafati palipolegea, akapaka deheni. Katika kukwangua huko ndipo aonapo ubao uliooza. Lau angempa mpita njia kazi ya kukimwagia maji tu, chombo kingependeza machoni, na ubao mbovu ungebaki pale pale ukingoja bahari kuu.

Kwa sasa naona desturi mbili kati yetu, na zote mbili sizipendi.

Desturi ya kwanza ni kutoiosha kabisa. Wenye desturi hii husema kwamba pikipiki ya kazi si bibi harusi, na ya kuwa matope yakikauka hukikinga chuma. Maneno hayo yana mzaha mzuri lakini hayana ukweli. Matope hushika maji kama sponji, na chini yake kutu hula usiku na mchana bila ya kuonekana. Zaidi ya hayo, injini za pikipiki zetu nyingi hupozwa kwa upepo unaopita kati ya mapezi ya chuma yaliyoizunguka. Matope yakijaa kati ya mapezi hayo, injini ni kama mtu aliyevishwa blanketi akaambiwa apande kilima na mzigo kichwani. Joto halina pa kutokea, oili huwa nyepesi, na vyuma vya ndani huanza kulana.

Desturi ya pili ni kuipeleka barabarani kwa vijana wenye mashine za kurusha maji kwa nguvu. Hii huonekana kuwa ya maendeleo, na pikipiki hurudi inang'ara. Lakini maji yale yana nguvu kuliko mpira mwembamba unaozikinga beringi za magurudumu, za shingo ya usukani na za mkono wa nyuma. Hupenya, hutoa grisi, na hukaa mahali pa grisi. Baada ya wiki chache gurudumu huanza kulia, na mwenyewe hulaumu duka lililomuuzia beringi. Maji hayo hayo huingia katika kasha la chujio la hewa, katika viungo vya waya za umeme, na ndani ya breki za ngoma. Siwalaumu vijana wale. Wao wamelipwa kuondoa matope, nao wameyaondoa. Hakuna aliyewalipa kutazama kama nati imelegea.

Basi ipi ndiyo njia? Kazi yenyewe, kwa aliyeizoea, ni ya nusu saa, na haitaki ila ndoo mbili za maji, sabuni kidogo, brashi laini, matambara, mafuta ya taa na spana zako.

Kwanza ngoja injini ipoe, maana maji baridi juu ya chuma cha moto hayaleti heri. Ziba mdomo wa bomba la moshi kwa tambara, na ukimaliza usisahau kulitoa. Mwagia maji taratibu, uyaache matope yalainike yenyewe. Ukiyasugua yangali makavu, chembe za mchanga hukwaruza kila zinapopita. Kisha pitisha brashi na mkono, kutoka mbele kwenda nyuma: chini ya madigadi, kati ya mapezi ya injini, kuzunguka mnyororo, na katika spoki za magurudumu. Aliyevuka na pikipiki kwa chombo, au akapita nayo pwani, asilale kabla hajaisuuza kwa maji baridi, kwani chumvi haina subira.

Na hapa ndipo lilipo neno langu. Mkono unapopita, mkono huuliza. Nati hii imekaza? Waya huu wa klachi umeanza kukatika uzi mmoja mmoja? Shokapu za mbele zina oili iliyovuja? Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Inua gurudumu ulitikise upande kwa upande. Likicheza, beringi zimekwisha. Mambo haya hakuna anayeweza kuyajua kwa kutazama pikipiki iliyoviringwa na matope, wala kwa kuipokea ikiwa imeoshwa na mtu mwingine.

Yako mambo manne ambayo nayatilia mkazo, kwa kuwa naona ndiyo yanayotugharimu zaidi.

La kwanza ni chujio la hewa, lile ambalo mafundi huliita filta. Injini hunywa hewa nyingi kuliko petroli, na hewa ya njia zetu wakati wa kaskazi ina vumbi. Vumbi likiingia ndani na kuchanganyika na oili huwa kama msasa, likisaga ringi za pistoni na ukuta wa silinda mpaka pikipiki itoe moshi wa samawati na kushindwa kupanda kilima ilichokuwa ikikipanda mwaka jana. Chujio la sponji hufuliwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni. Hukamuliwa kwa kubanwa, si kwa kusokotwa. Huanikwa kivulini mpaka likauke. Halafu hutiwa oili kidogo na kubanwa tena mpaka lisitone. Petroli isitumike, maana ni hatari ya moto na huiharibu sponji. Chujio la karatasi halioshwi. Hilo hugongwa pole pole, hupulizwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na likichakaa hununuliwa jipya. Wako wanaolitoa chujio kabisa wakidai ya kuwa pikipiki sasa inapumua. Ni kweli inapumua, lakini inapumua vumbi. Na bei ya chujio si kitu ukiilinganisha na bei ya pistoni na silinda.

La pili ni mnyororo. Mnyororo uliokauka na wenye mchanga hula meno ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, ndiyo maana mtu anayebadilisha mnyororo peke yake juu ya meno yaliyokwisha hutupa fedha. Usafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, uupanguse, kisha uupake oili nzito, ile ya giaboksi, kwa upande wa ndani, ili unapozunguka oili isukumwe kuingia katika viungo. Wakati mzuri ni baada ya safari, mnyororo ungali na joto kidogo. Tazama pia ulegevu wake. Kwa pikipiki ndogo nyingi za barabarani, katikati ya sehemu ya chini huachwa ucheze kama milimita 20 hadi 30. Zile ndefu za njia za udongo hutaka zaidi, kwa sababu mkono wao wa nyuma hupanda na kushuka sana. Kila chapa ina kitabu chake, na kitabu hicho ndicho cha kufuatwa. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi si salama kuliko uliolegea. Mzigo ukikaa nyuma hukaza zaidi, na ukikatika huweza kupasua injini au kulifunga gurudumu ghafla.

La tatu ni breki, nazo ndizo zilizonishikisha kalamu. Breki za ngoma zina nati nyuma ya kukazia. Breki ikilegea, mpandaji huizungusha nati mara moja au mbili, breki hurudi kushika, na watu hudhani imepona. Haikupona. Vile vipande vya ndani vinavyobana vinazidi kuwa vyembamba, na nati inatuficha habari hiyo mpaka siku ya mwisho. Katika pikipiki nyingi za namna hii upo mshale mdogo kwenye mkono wa breki, na alama kandoni. Kanyaga breki mpaka mwisho utazame: mshale ukifikia alama, vipande vimekwisha, na hapana nati itakayovirudisha. Je, nani ataukuta mshale huo chini ya matope? Breki za diski nazo zina lao. Maji yake ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya kisiwa haina uhaba wa unyevu. Watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila miaka 2. Maji ya breki ya zamani, mtu akishuka mteremko mrefu na mzigo, hupata joto na kuchemka, na mkono wa breki huwa laini kama ndizi mbivu wakati ule ule anapouhitaji. Na baada ya kuosha pikipiki yoyote, iendeshe pole pole hatua chache ukibonyeza breki mpaka zikauke, kabla hujampa mtu mzigo. Oili ya mnyororo isiguse diski wala ngoma.

La nne ni oili ya injini. Pikipiki zetu ndogo huchukua kama lita 1 tu, na hiyo lita 1 hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Kwa kuwa klachi imo ndani ya oili hiyo hiyo, si kila oili ya motokaa inafaa. Baadhi yake imetiwa dawa ya kuzidisha utelezi, na klachi ikaacha kushika. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA. Ipime pikipiki ikiwa imesimama wima mahali sawa. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, labda mtoni, labda kwa mashine ya kuoshea, na haifai kungoja kesho. Oili chafu usiimwage chini ya mkarafuu wala karibu na kisima. Ikusanye katika dumu.

Sasa nijibu yale ninayosikia yakisemwa.

Wako wasemao ya kuwa kazi hii ni ya fundi. Fundi ana heshima yake, na yako mambo ambayo sisi hatuyawezi. Lakini fundi huiona pikipiki siku ilipokufa. Sisi huiona kila siku ikiwa hai. Mganga hawezi kuambiwa alale nyumbani kwa kila mtu.

Wako wasemao ya kuwa pikipiki za siku hizi zimetengenezwa kwa ajili ya shida, hazitaki matunzo. Maneno haya yana asili. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki iitwayo CG125, iliyokusudiwa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo na hupata matunzo machache. Wahandisi wake waliacha ule mnyororo mdogo wa ndani unaozungusha vali, wakatumia vijiti vya kusukumia, ambavyo ni vigumu kuharibika. Na mnyororo wa nje wakaufunika wote ili mchanga usiuguse. Injini za mtindo ule zimeigwa na viwanda vingi vya China, na baadhi yetu tunazipanda leo. Lakini zingatieni: wahandisi wale walitusaidia kwa sababu walijua ya kuwa tutasahau. Hawakusema tusahau. Na wengi wetu tumekwisha kulitoa lile kasha la mnyororo kwa sababu lilikuwa likipiga kelele!

Wako pia wasemao ya kuwa wakati wa msimu hapana nafasi. Hili ndilo kubwa, nami nalijibu kwa karafuu zenyewe. Karafuu mbichi iliyochumwa hainingoji mimi wala wewe. Ikilala ndani ya gunia ikiwa na unyevu, huingia joto, huvunda, na hukauka na rangi mbaya. Pikipiki ikifia bondeni saa kumi jioni, na wingu linajikusanya, hasara yake si ya spea tu. Ni ya gunia lililo juu yake na ya wachumaji waliokwisha kulipwa kwa pishi. Nusu saa ya kuosha ni haba kuliko jioni moja ya namna hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa wakati wa msimu hujengwa kwa bei ya msimu.

Nimebakiza jambo ambalo huenda likawaudhi wengine, lakini chama ni mahali pa kuambiana kweli. Wengi wetu hatupandi pikipiki zetu. Tunawapa vijana kwa hesabu ya siku. Kijana huamka alfajiri akijua ya kuwa lazima alete fedha fulani jioni, na chochote kinachozidi ndicho chake. Kijana huyo tunamtaka aiache kazi nusu saa ili aoshe mali isiyo yake, na breki zikiisha anunue kwa fedha yake? Hawezi, wala si haki kumlaumu. Atakaza nati ile ya breki mara moja zaidi, kisha ataomba Mungu na kushuka. Likitokea la kutokea, sisi husema alikuwa na mwendo wa kasi. Mara nyingine ni kweli. Lakini kabla ya kusema hivyo, mwenye mali na ajiulize ni lini mara ya mwisho alipouona ule mshale wa breki kwa macho yake.

Kwa hiyo nasema mwenyewe aioshe, kijana akiwapo, wote wawili wameinama. Kijana anajua pikipiki inavyolia njiani. Mwenyewe anajua mfuko una nini. Wakiwa pamoja, habari haina pa kupotelea: kijana atasema hapa panagonga, na mwenyewe hataweza kusema hakuambiwa. Na siku hiyo hesabu ya kijana ipunguzwe kwa muda alioutumia. Asubuhi ya Ijumaa yafaa, kwa kuwa wengi hatuendi shamba.

Naomba mkutano wetu ujao uyatazame mambo matatu. Kwanza, chama kinunue kwa jumla vitu vidogo ambavyo kila mmoja wetu huvikosa siku ya haja, yaani machujio, vipande vya breki, grisi na oili yenye alama ipasayo, na kiviuze kwa wanachama kwa bei ya kununulia. Pili, kwenye ghala yetu pajengwe sakafu ndogo ya saruji ya kuoshea, yenye pipa la oili chafu, ili tuache kuoshea vijitoni ambako majirani huteka maji. Tatu, kabla ya msimu kuanza, kila mwanachama mwenye pikipiki aje nayo ghalani siku moja, ikiwa imeoshwa, fundi atazame breki na mnyororo wake mbele ya mwenyewe.

Haya yote hayataki fedha nyingi. Yanataka tukubali kwamba pikipiki ni sehemu ya shamba, kama ngazi na majamvi. Hapana mkulima kati yetu ambaye humpandisha mchumaji juu ya mkarafuu kwa ngazi asiyoijaribu kwa mkono wake. Na tusimshushe mtu kilimani kwa breki tusizozijaribu.

Wasalaam,
Mkulima mwenzenu